Mkwamo wa Ukurasa

Mfasiri mwenye haraka akikutana na page fault huandika "hitilafu ya ukurasa" na kuendelea na sentensi inayofuata. Kamusi inamuunga mkono. Tatizo linampata msomaji wake, anayefungua skrini ya seva na kusoma kwamba tangu asubuhi pametokea hitilafu za ukurasa laki tatu. Atampigia simu fundi, na fundi hatakuta chochote kilichoharibika. Seva inafanya kazi yake ya kila siku.

Programu haiioni RAM ilivyo. Inatumia anwani pepe, na kichakataji ndicho kinachozigeuza kuwa anwani halisi kwa kupitia majedwali ya kurasa, ambamo ukurasa wa kawaida ni baiti 4,096. Kikikuta ukurasa haumo, au umo lakini programu hairuhusiwi kuuandikia, kinasimama palepale na kuiita kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Kwenye vichakataji vya x86 wito huo ni namba 14, na anwani iliyoleta kizuizi huachwa kwenye rejista ya CR2. Kerneli huutoa ukurasa diskini au hutenga mpya, kisha amri ileile inarudiwa na programu haijui kama ilisimamishwa. Ikiwa anwani haina mwenyewe kabisa, kerneli huiua programu. Lakini hiyo ni hukumu ya kerneli, inayokuja baada ya tukio. Kichakataji hakijamlaumu mtu.

Miongozo ya Intel yenyewe iko wazi. Inayagawa matukio ya namna hii mafungu matatu. La kwanza ni yale yanayoweza kurekebishwa na amri ikarudiwa bila mtiririko kukatika, na page fault imo humo. La pili huripotiwa amri ikiwa imekwisha kutekelezwa. Hilo tunaweza kuliita mtego bila shida. La tatu halina marejeo, na ndilo lenye sura ya hitilafu tunayoijua.

Wapo watakaolitetea neno "kosa", na hoja yao si dhaifu. Katika Kiswahili aliyekosa adabu na aliyekosa basi wote wamekosa, na ni huyo wa kwanza tu anayestahili lawama. Kosa la ukurasa basi lingekuwa ni kuukosa ukurasa. Ingependeza, lau tukio lote lingekuwa la kukosa. Sivyo. Mara nyingi ukurasa upo, umepigwa tu marufuku kuandikwa, kwa sababu programu mbili zinaushiriki na kerneli inasubiri mojawapo iandike ndipo iinakilie ukurasa wake. "Ukosefu wa ukurasa" unaanguka kwa sababu hiyohiyo.

Ndiyo maana nimeshikilia "mkwamo". Gari lililokwama matopeni si bovu. Likisukumwa linaondoka na abiria walewale. Neno linabeba hali zote mbili, ya ukurasa usiokuwepo na ya ukurasa uliozuiwa, na linaacha wazi swali la nani atasukuma. Wahandisi wa Atlas, kompyuta ya Manchester iliyozinduliwa mwaka 1962 na iliyotangulia kuleta kurasa kutoka kwenye hifadhi ya ngoma kwa namna hii, hawakutumia lugha ya lawama hata kidogo. Kwao lilikuwa katizo la kutolingana: anwani iliyoombwa hailingani na ukurasa wowote uliomo.

Swali la nani atasukuma ndilo linaloifanya istilahi hii iwe ya lazima kwenye mashine pepe. (Neno "pepe" lenyewe nimelikubali kwa shingo upande. Kwenye barua pepe tumelizoea kwa maana ya kielektroniki, na hapa tunalitaka liseme kitu kinachojifanya kipo. Lakini "mashine dhahania" huwapeleka wanafunzi kwenye falsafa.) Mgeni ni mfumo endeshi ulio ndani ya mashine pepe, mwenyeji ni ule unaoiendesha kompyuta yenyewe. Mgeni ana majedwali yake ya kurasa na anaamini yanamfikisha kwenye RAM. Hayamfikishi. Kile anachokiita anwani halisi ni anwani aliyopewa na mwenyeji, nayo inahitaji kugeuzwa tena. Istilahi "anwani halisi ya mgeni" kwa hiyo ina uongo ndani yake, uongo ambao mfumo mzima umejengwa juu yake, na sioni haja ya kuurekebisha.

Zamani kichakataji hakikujua habari hiyo ya ngazi mbili. Haipavaiza, yaani programu inayosimamia mashine pepe, ililazimika kutunga majedwali kivuli yaliyoruka kutoka anwani pepe ya mgeni hadi RAM moja kwa moja. Kila mkwamo ulikuja mikononi mwake, na kila mara iliamua: huu ni wa mgeni mwenyewe, arudishiwe aushughulikie, au ni wa kivuli changu ambacho sijakijaza? Watu wa VMware waliutofautisha mkwamo wa kweli na mkwamo fiche, na kwa Kiswahili tofauti hiyo inakaa vizuri bila kuongezewa kitu. AMD ilileta majedwali ya ngazi ya pili ndani ya chipu za Opteron mwaka 2007, Intel ikafuata na EPT mwaka 2008. Tangu hapo mgeni hushughulikia mikwamo yake bila kumsumbua mwenyeji. Gharama iko kwingine: majedwali yote mawili yakiwa na ngazi nne, kutafuta anwani moja kunaweza kuhitaji kusoma kumbukumbu mara 24.

Tuutazame mkwamo mmoja kwenye KVM, haipavaiza iliyoingia katika Linux 2.6.20 mwaka 2007. Mashine pepe imewashwa sasa hivi. Imeahidiwa gigabaiti 4, lakini mwenyeji bado hajatoa sehemu kubwa ya hizo. Mgeni anaandika kwenye anwani yake halisi 0x12345678. Majedwali yake yako sawa, ila jedwali la mwenyeji halina kitu hapo. Kichakataji kinatoka kwa mgeni na kuacha sababu namba 48, ukiukaji wa EPT, pamoja na anwani. KVM inakata tarakimu tatu za mwisho, 678, ambazo ni nafasi ndani ya ukurasa, ikabaki na ukurasa namba 0x12345. Inatafuta ukurasa huo uko kwenye eneo gani kati ya yale yaliyosajiliwa na QEMU, programu ya kawaida inayoiendesha mashine pepe hii kwa upande wa mwenyeji. Tuseme eneo hilo linaanzia sifuri na QEMU imelitengea nafasi kuanzia 0x7f0000000000. Basi kinachotafutwa kiko 0x7f0012345678, na kerneli ya mwenyeji inaombwa ukurasa wa hapo. Inautoa, ikiwa imeujaza sifuri ili mgeni asisome masalia ya mtu mwingine. Jedwali linaandikwa, mgeni anarudishwa, anaandika upya. Kwa saa yake ni kama alipepesa jicho.

Ukurasa unaweza kuwa mbali zaidi ya hapo. Tangu Linux 4.3 ya mwaka 2015 pana userfaultfd, njia inayoiachia programu ya kawaida kuujibu mkwamo. Mashine pepe inayohamishwa inaweza kuanza kazi kwenye kompyuta mpya kabla kumbukumbu yake haijafika, na kila inapokwama QEMU inauomba ukurasa kupitia mtandao kutoka kompyuta ya zamani. Huko hakuna kilichoharibika wala kilichopotea, kipo njiani.

Kisha kuna anwani ambazo si kumbukumbu. Mgeni akigusa 0xFEC00000, mahali ambapo kompyuta za PC huweka kidhibiti cha makatizo, hakuna eneo lililosajiliwa na hakuna ukurasa wa kuletwa. Mkwamo umewekwa kwa makusudi. KVM au QEMU inasoma mgeni alitaka kuandika nini, inaigiza kifaa, na kumruhusu aendelee. Nani angethubutu kuita hilo hitilafu, wakati kifaa kizima kimejengwa kwa kukwama?

Jibu likikosekana kabisa ndipo mambo yanapochafuka. KVM inapotaka ukurasa na kerneli ikashindwa kuutoa, wito wa kumwendesha mgeni hurudi na EFAULT, msimbo ambao kwa bahati tu nao ni namba 14. QEMU huandika kwamba imeshindwa kwa sababu ya anwani mbovu, mashine pepe inasimama, na fundi anabaki akijiuliza ni anwani ipi kati ya mabilioni. Kwa miaka mingi hakuambiwa. Linux 6.8 ya mwaka 2024 ilileta aina mpya ya kutoka, inayotaja anwani halisi ya mgeni, ukubwa wa eneo, na alama inayosema kama mgeni aliitaka kumbukumbu hiyo kama ya faragha. Alama hiyo ilihitajika kwa ajili ya mashine pepe za siri, za SEV-SNP ya AMD na TDX ya Intel, ambamo mwenyeji hawezi kuusoma ukurasa wa faragha wa mgeni hata akiwa ndiye mwenye RAM. Programu ya usimamizi ikiona mgeni ameomba faragha mahali palipoandikishwa kuwa pa wote, inabadili uandikishaji na kumrudisha kazini.

Taarifa hiyo mpya hufika ikiambatana na mmojawapo wa misimbo miwili. EFAULT ningeifasiri "anwani haina jibu", na fundi ajue pa kuanzia. Wa pili, EHWPOISON, maana yake ni kwamba kumbukumbu yenyewe imeharibika na kerneli imeutenga ukurasa usiguswe tena. Huo ndio ningeuandikia hitilafu, na simu ya fundi ipigwe.