Jani Hulia, Mzizi Ndio Mgonjwa

Katika miaka yangu ya ubwana shamba, kosa moja halijanitoka moyoni. Mama mmoja mjane aliniita shambani kwake. Soya yake, iliyokuwa imeanza kufunga maganda, ilikuwa inanyauka. Nilisimama kwenye kijia, nikatazama majani ya manjano, nikatamka: "Mama, ardhi imechoka. Tia mbolea." Aliuza mbuzi, akanunua mbolea. Soya ikafa vilevile. Nilipopita tena aling'oa mche mmoja, akaushika mbele yangu bila neno. Mzizi ulikuwa umeoza. Mimi sikuwa nimeng'oa hata mmoja.

Tangu hapo nimependa kusoma habari za watu waliokabiliwa na fumbo la namna hiyo. Mfano mmoja, ndugu msomaji, unatoka Marekani. Mwaka 1971, H. J. Walters aliona katika mashamba ya soya ya Arkansas ugonjwa uliokuwa haujulikani. Baada ya maua, madoa ya manjano yalitokea kati ya mishipa ya majani, yakageuka kahawia, kisha majani yakapukutika na kuacha vikonyo vitupu. Mwaka 1983 M. C. Hirrel aliupa ugonjwa huo jina lenye maana ya kifo cha ghafla.

Jina lilipatikana, lakini mwuaji alikuwa bado. Ukilipasua jani gonjwa, humkuti. Kuvu hukaa mizizini na chini ya shina, na kutoka huko hutoa sumu ipandayo hadi majanini. Tena mzizi uliooza huwa na kuvu wengi, na baadhi yao wamefuata uozo tu, kama inzi wafuatavyo kidonda. Kwa hiyo haitoshi kumkuta mtu mahali pa tukio. Sharti atengwe, akuzwe peke yake, aambukizwe mche mzima, ugonjwa uleule utokee, naye apatikane tena ndani yake. Ndiyo kanuni ihusishwayo na Robert Koch.

Mwaka 1989, K. W. Roy na wenzake huko Mississippi, na J. C. Rupe wa Arkansas, walichapisha ushahidi: mhusika ni Fusarium solani. Hata hivyo kesi haikufungwa. Mwaka 2003 Takayuki Aoki na wenzake walionyesha kuwa wahusika ni zaidi ya mmoja. Yule wa Marekani wakamwita Fusarium virguliforme, na mmoja wa Amerika ya Kusini wakamwita Fusarium tucumaniae.

Kinachonigusa zaidi ni lile jina. Kifo hicho si cha ghafla hata kidogo. Kuvu huingia mzizini mche ungali mchanga, udongo ukiwa wa baridi na wenye maji mengi. Jani husema wiki nyingi baadaye, na kwa kawaida wakati huo hakuna dawa tena. Ghafla ni kwetu sisi tuliokuwa tukitazama juu.

Sisemi kwamba soya ya yule mama iliuawa na ugonjwa huo. Nasema kosa langu lilikuwa lilelile la kumsikiliza anayelia na kumsahau anayeumwa. Nilimrudia, nikakiri. Alinitazama kitambo, akasema: "Basi, bwana shamba, siku nyingine uje na jembe."

Nimekwenda nalo tangu siku hiyo.