Mji Uliopimwa kwa Boriti

Ukiingia nyumba ya kale ya Mji Mkongwe wa Unguja, pima chumba kwa hatua. Urefu wake waweza kukushangaza, lakini upana ni nadra kuzidi mita tatu. Si ubahili wa mwenye nyumba. Dari imelazwa juu ya boriti za mikoko, na boriti ina kikomo: ikivuka nafasi kubwa kuliko hiyo hupinda kwa uzito wa mawe na chokaa. Boriti za namna hiyo, zilizokatwa Rufiji na Lamu, zilisafirishwa kwa majahazi mpaka Ghuba, na huko nako zikaamua upana wa vyumba.

Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa iliyochomwa kwenye tanuu. Sakafu za juu zilipigwa kwa vipande vya mti siku baada ya siku, wapigaji wakiimba, mpaka chokaa ishikamane. Ukuta wa aina hii hunywa unyevu na kuutoa, na hauna masharti mengi ila moja: mtu apande juu kabla ya masika, azibe nyufa, apake chokaa upya. Asipopanda, maji hufika kwenye ncha ya boriti iliyozama ukutani, ncha ikaoza bila kuonekana na mtu. Kwa hiyo anayetaka kujua historia ya mji huu aulize, zama hadi zama, nani alikuwa akipanda juu.

Kabla ya 1964 walipanda wenye nyumba, wengi wao wafanyabiashara wenye asili ya Kiarabu na Kihindi, na kwa nyumba za wakfu, wasimamizi wake. Baada ya Mapinduzi ya mwaka huo wengi waliondoka, nyumba zikataifishwa, na familia kutoka shamba zikahamia, mara nyingi chumba kimoja familia moja. Wapangaji hao wamelaumiwa sana, na si haki. Nyumba haikuwa yao, kipato kilikuwa kidogo, na mwenye nyumba sasa alikuwa serikali. Waliojaribu kuziba nyufa walitumia saruji, maana ndiyo iliyokuwa dukani. Nayo, kwa kutopitisha unyevu kirahisi, huufungia ndani ya ukuta. Mamlaka ya kuhifadhi mji iliundwa 1985, wakati nyumba kadhaa zimeshakuwa vifusi. UNESCO iliuingiza mji katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000.

Jengo moja lilijaribu kuikwepa boriti. Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alipojenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, aliagiza nguzo za chuma, akapata kumbi pana na veranda zilizozunguka ghorofa zote. Baadaye zikaja taa za umeme na lifti, na watu wakaliita jumba la maajabu. Waingereza waliposhambulia majumba ya Sultani Agosti 1896, mizinga yao iliibomoa Beit al-Hukm iliyokuwa jirani, lakini Beit al-Ajaib ikabaki imesimama. Ilichoshindwa kustahimili ni miaka. Mwaka 2012 sehemu ya veranda ilianguka, na tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa kazini kuikarabati, upande wa mbele uliporomoka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili walifariki.

Siku hizi wanaopanda juu ni wenye hoteli. Fedha wanazo, na nyumba nyingi zimepona kwa ajili yao; wapangaji wa zamani, kwa upande wao, wengi wamehamia Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, na kwingineko. Lakini mgeni hataki kushiriki choo na jirani. Nyumba iliyojengwa na choo kimoja pembeni sasa inadaiwa bafu kwa kila chumba, ghorofa ya tatu, juu ya boriti za mikoko, na mabomba hupitishwa ndani ya kuta zilezile ambazo mafundi wa kale walihangaika kila mwaka kuzikinga na maji.