Bagika na Bagalu: Utabiri na Ushindi katika Mashindano ya Ngoma ya Bujora

Kila shindano la watu huacha nyuma yake masimulizi mawili, la kwanza likiwa la wale waliotabiri mshindi kabla ya siku yenyewe, na la pili likiwa la wale wanaoketi baada ya matokeo kupima utabiri ule ulisimama wapi na ulianguka wapi. Katika michezo yenye waamuzi wa kuajiriwa masimulizi hayo hutengana, kwa kuwa maoni ya mtazamaji, hata yawe ya busara kiasi gani, hayaongezi wala hayapunguzi alama ya mpiganaji. Katika Usukuma, yaani nchi iliyo kusini mwa Ziwa Viktoria inayozunguka mji wa Mwanza, mambo yalijengwa kwa namna nyingine, kwa sababu huko mtazamaji ndiye mwamuzi, na anachokitabiri asubuhi huwa sehemu ya matokeo ya jioni. Historia ya mashindano ya ngoma ambayo leo yanajulikana zaidi kupitia kituo cha utamaduni cha Bujora, karibu na Kisesa, yapata kilomita 20 kutoka Mwanza kwa barabara ya Musoma, haiwezi kueleweka bila kuanza na jambo hilo.

Mapokeo ya Wasukuma yanazitaja asili za vyama viwili vikuu vya ngoma, Bagika na Bagalu, katikati ya karne ya 19, na kuzihusisha na wachezaji wawili waliokuwa pia mafundi wa dawa, Ngika na Gumha, ambao walishindana ili ijulikane ni nani kati yao mwenye dawa iliyo kali zaidi. Wafuasi wa Ngika wakawa Bagika, na wafuasi wa Gumha wakawa Bagalu. Ni vyema kusisitiza kwamba shindano hilo la mwanzo halikuhusu kucheza peke yake, kwani uchezaji ulikuwa kipimo cha nje cha nguvu ya ndani, nayo nguvu hiyo ilipimwa kwa uwezo wa kuwavuta watu. Kutokana na wawili hao vyama vilienea vijijini, vikagawanyika katika vikundi vidogo vyenye viongozi wao, na mtu aliyejiunga aliingizwa kwa dawa za chama chake, hata uanachama ukawa kifungo cha uaminifu kilichovuka mipaka ya kijiji na ya utemi, yaani eneo lililotawaliwa na mtemi mmoja.

Msimu wa mashindano ulikuja baada ya mavuno, hasa kuanzia mwezi Juni hadi Agosti, wakati maghala yana chakula na vijana wamepumzika jembe. Utaratibu wake ni rahisi kuueleza ingawa ni mgumu kuushinda: makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila kundi upande wake, na umati ulio huru kutembea huku na huko huhamia kule unakovutiwa, kisha kundi lililozungukwa na watu wengi zaidi huhesabiwa kuwa limeshinda. Kwa hiyo kila mbinu ilielekezwa kwenye macho na miguu ya watazamaji. Wachezaji wa bugobogobo, ngoma iliyokua kutokana na kazi ya vijana waliolima kwa pamoja, walirusha majembe na kuyadaka kwa mdundo. Wacheza nyoka walizungusha chatu hai shingoni. Wengine walitoa ghafla sanamu za mbao au kuvaa mavazi ambayo hayakuwahi kuonekana. Siri ilikuwa na thamani kubwa kuliko mazoezi, kwa sababu mbinu iliyojulikana mapema ilikuwa imekwisha kupoteza nusu ya nguvu yake. Juu ya yote hayo iliwekwa samba, yaani dawa ya mvuto, ambayo manju, kiongozi na mtunzi wa nyimbo, aliitafuta kwa waganga ili watu waelekee upande wake, pamoja na dawa za kinga dhidi ya zile za wapinzani.

Hapa ndipo utabiri ulipoingia, na ndipo panapostahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Wasukuma wana elimu ya ramli ya kuku, ambamo mganga hupasua kifaranga na kusoma alama katika nyama, mifupa na viungo vyake vya ndani, na kwa njia hiyo huweza kuulizwa chanzo cha ugonjwa, adui aliyejificha, au mwisho wa safari. Manju aliyekaribia siku ya shindano hakuwa na sababu ya kutoitumia elimu hiyo, lakini jibu alilolipata halikuwa tangazo la matokeo yaliyokwisha kuandikwa, bali lilikuwa uchunguzi wa hatari, kwani alama mbaya ilimwambia mahali palipovuja ili apazibe kabla ya ngoma kupigwa. Utabiri wa namna hii haupimwi kwa kusema umetimia au haukutimia. Ukionyesha hatari, na hatari ikazuiwa, basi umefanya kazi yake kwa kutotimia.

Utabiri wa pili ulikuwa wa umati wenyewe, na kwa maoni ya makala haya huo ndio uliokuwa na nguvu zaidi. Sifa za manju zilitangulia mbele yake, na mtu aliyetoka nyumbani akiamini kwamba Bagalu watashinda alielekea kwanza upande wa Bagalu. Watu wa namna yake walipokuwa wengi, duara lao lilikua mapema, na duara kubwa huwavuta hata wasio na upande, kwa kuwa kila mmoja hutaka kujua wenzake wameona nini. Imani ya asubuhi ilikuwa hivyo mtaji wa mchana. Ndiyo maana majigambo ya kabla ya shindano, ambayo mgeni angeweza kuyadharau kama kelele, yalikuwa sehemu ya shindano lenyewe, na samba, kwa yeyote anayeikubali nguvu yake na hata kwa asiyeikubali, ilifanya kazi katika uwanja huo huo wa imani ya watu.

Tofauti hiyo huonekana wazi zaidi ikilinganishwa na mapigano mseto, yaani mchezo unaoruhusu ngumi, mateke, mieleka na ukabaji katika ulingo mmoja, ambao ulipata umbo lake la kisasa nchini Marekani kuanzia shindano la Denver la Novemba 1993. Shindano lile la kwanza lilifanyika bila majaji wa alama, likimtegemea mpiganaji kumwangusha mwenzake au kumlazimisha asalimu amri, na baadaye ndipo majaji watatu na mfumo wa alama 10 kwa kila raundi ulipokuwa kanuni. Mtabiri wa mchezo huo anaweza kuweka kumbukumbu ya utabiri wake, kuulinganisha na kadi za majaji, na kusema kwa uhakika mara ngapi alipatia. Mtabiri wa ngoma ya Kisukuma hana nafasi ya kusimama kando namna hiyo, kwa kuwa miguu yake imo katika hesabu.

Baada ya shindano tathmini ilifanyika kwa maneno, na zaidi kwa nyimbo. Kushindwa kulikuwa na maelezo mengi: dawa ya wapinzani ilikuwa kali, au mwiko wa dawa yao wenyewe ulivunjwa. Ni kosa kuyaona maelezo hayo kuwa visingizio tu, kwa maana kila moja lilielekeza la kufanya kabla ya msimu unaofuata, kama kutafuta mganga mwingine, kutunga nyimbo mpya, au kuleta mnyama ambaye umati haujamwona. Manju alizikusanya habari za ushindi katika nyimbo za majivuno na za kuwakejeli walioshindwa, nazo zikawa ndiyo daftari la matokeo. Hata hivyo daftari hilo lina pande mbili, kwani Bagika waliimba walichokiona na Bagalu wakaimba walichokiona, hivyo mwanahistoria anayetaka kujua nani alishinda mwaka fulani hana budi kuzisikiliza nyimbo za pande zote mbili. Jambo la kufanana na hilo lilitokea katika ngoma ya beni ya pwani, ambayo mwanahistoria Terence Ranger aliichunguza katika kitabu chake cha 1975, ambako makundi ya Marini na Arinoti yalishindana kwa mavazi, gwaride na nyimbo bila mwamuzi mmoja aliyekubalika na wote.

Ukoloni na uhuru viliyabadilisha mazingira ya mashindano haya. Watemi walioyafadhili na kuyakaribisha walipoteza mamlaka yao ya kisheria mwaka 1963, na wamisionari wengi walikuwa wamezipinga ngoma kwa sababu ya dawa zilizoambatana nazo. Padre David Clement, mmisionari kutoka Quebec nchini Kanada aliyeitwa pia Fumbuka, alichukua njia tofauti. Akiwa Bujora alikusanya vitu na maarifa ya Wasukuma, akajenga kanisa lenye umbo la nyumba ya duara ya Kisukuma, na mwaka 1968 akaanzisha makumbusho ambamo Bagika na Bagalu walipewa nyumba yao miongoni mwa majengo ya maonyesho. Sikukuu ya Ekaristi, ambayo kwa kawaida huangukia Juni na hivyo kukutana na msimu wa mavuno, iliunganishwa na mashindano ya ngoma na kuitwa Bulabo, yaani maua, kwa ajili ya maua yaliyopamba maandamano ya sakramenti.

Umuhimu wa Bulabo katika historia ya mashindano haya mara nyingi hutafutwa katika dini, ilhali upo pia katika kalenda. Shindano lililokuwa likitegemea makubaliano ya viongozi wa vikundi lilipata mahali pa kudumu na majira yanayojulikana, na kwa hiyo mabishano juu ya nani ataubeba umati yaliweza kuanza siku ile ile watu walipotawanyika na kuendelea kwa miezi yote ya kulima, kupalilia na kuvuna. Kanisa lilileta pia swali ambalo mashindano ya awali hayakuwa nalo, kwa kuwa uwanja uliobarikiwa kwa maandamano ya sakramenti ulipokea wachezaji ambao baadhi yao waliendelea kuamini kwamba bila samba hakuna duara. Clement alilitukuza umbo la ngoma na kulipa nafasi mbele ya altare, lakini kanuni ya ushindi hakuigusa: makundi mawili yaliendelea kucheza kwa wakati mmoja, na hukumu ilibaki kwa watu waliosimama, wakitazama, kisha wakavuka kwenda upande wa pili.