Watoto, Mawe ya Kua na Wajibu wa Shule

Kisiwa cha Juani kiko kusini-mashariki mwa kisiwa kikubwa cha Mafia, katika Mkoa wa Pwani. Upande wake wa magharibi yamesimama magofu ya mji wa Kua: misikiti, makaburi, na kuta za jumba kubwa lililokuwa na ghorofa. Kuta zake zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na leo mizizi ya miti imepenya katikati ya mawe hayo. Wanafunzi wa shule za msingi hufika hapo na walimu wao kwa safari ya mafunzo.

Katika kitabu cha kumbukumbu ya miaka 100 ya usharika wa Kilutheri, Kua huweza kuonekana kuwa mahali pa mbali. Nyumba za ibada zilizosalia katika magofu yake ni misikiti, na wenyeji wa Juani na Mafia kwa sehemu kubwa ni Waislamu hadi leo. Hata hivyo, liko swali moja linalouunganisha mji huo uliokufa na kila usharika uliowahi kufungua shule katika nchi hii. Je, watu wazima huwafanyia nini watoto waliowekwa mikononi mwao?

Chombo cha Kisimani na arusi ya Kua

Wazee wa Mafia wamesimulia kisa cha miji miwili, Kisimani Mafia na Kua. Watu wa Kisimani waliunda jahazi kubwa. Siku ya kulishua waliwaalika watu wa Kua, kisha wakawakamata watoto wa wageni wao, wakawafunga, wakawalaza mchangani, na chombo kikapitishwa juu yao kana kwamba ni magogo ya kutelezeshea.

Watu wa Kua hawakujibu siku ile. Walisubiri miaka mingi, hata jambo lile likaonekana limesahauliwa. Ndipo walipowaalika watu wa Kisimani kwenye arusi. Wageni walikaribishwa katika chumba cha chini ya ardhi. Karamu ikiendelea, wenyeji walitoka mmoja mmoja, akabaki mzee mmoja tu akiwazungumzisha wageni. Huku nje, waashi waliujenga mlango kwa mawe hata ukazibika. Mzee yule alikufa pamoja na wale aliowakaribisha.

Ukweli wa kisa hiki si lazima upimwe kwa kipimo cha hati. Ni kumbukumbu ya jamii, nayo imebeba hukumu mbili. Ya kwanza ni kwamba mji unaowatumia watoto kuwa magogo ya kusogezea fahari yake umekwisha kujihukumu. Ya pili ni kwamba kisasi cha Kua hakikumrudisha mtoto hata mmoja. Sehemu kubwa ya Kisimani imeliwa na bahari, na Kua nayo haikudumu. Katika miaka ya 1820 Wasakalava kutoka Madagaska walivuka bahari kwa mitumbwi, wakauteka mji, wakaua watu na kuwachukua wengine utumwani. Mji haukuinuka tena.

Watoto wa Kisarawe

Utumwa ndio uzi unaofunga historia ya Kua na historia ya Walutheri wa pwani. Mwaka 1887 mmisionari Johann Jakob Greiner alifika Dar es Salaam, akitumwa na chama cha misioni kilichoundwa Berlin mwaka uliotangulia. Mwaka 1892 kituo cha Kisarawe kilifunguliwa katika vilima vya Uzaramo, na mwaka 1895 Maneromango ikafuata. Kisarawe ilipokea watu waliokombolewa utumwani, na miongoni mwao walikuwamo watoto. Hivyo baadhi ya wanafunzi wa kwanza wa shule za Kilutheri katika sehemu hizi walikuwa watoto waliokwisha kuhesabiwa kuwa bidhaa.

Jambo hili halimpi Mkristo nafasi ya kujivuna mbele ya jirani yake Mwislamu. Watu wa Kua waliochukuliwa utumwani walikuwa Waislamu. Kwa upande mwingine, serikali ya Wajerumani, ambayo wamisionari waliishi chini ya ulinzi wake na ambayo iliitawala Mafia tangu 1890, haikuufuta utumwa moja kwa moja. Iliamuru tu kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa kuanzia mwanzo wa mwaka 1906 wawe huru. Mama aliweza kubaki mtumwa huku mtoto aliyempakata ni mtu huru. Utumwa ulifutwa kisheria katika Tanganyika mwaka 1922, wakati wa utawala wa Waingereza. Kwa hiyo dhambi hii haikukaa upande mmoja wa mpaka wa dini, na mwalimu anayeisimulia hana budi kuisimulia yote.

Aidha, wamisionari hawakukuta pwani isiyojua kusoma. Watoto walikuwa wakienda chuoni kujifunza Kurani, na Kiswahili kilikuwa kikiandikwa kwa herufi za Kiarabu muda mrefu kabla ya vitabu vya misioni kuchapwa. Wazazi wengi wa pwani waliiogopa shule ya misioni kwa sababu waliiona kuwa mlango wa kumtoa mtoto katika dini yake. Hofu hiyo haikuwa ujinga. Mzazi alikuwa akiuliza swali lile lile: mwanangu mnamtaka kwa ajili yake, au kwa ajili ya chombo chenu?

Ubao na jembe

Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani mwaka 1524 akiwahimiza waanzishe shule na kuzitunza. Hoja yake ilikuwa kwamba mji wenye ngome na hazina lakini usio na watoto waliofundishwa ni mji maskini. Wamisionari walikuja na urithi huo, wakafundisha kusoma, kuandika, hesabu, dini na kuimba. Pamoja na ubao, walileta pia jembe. Kazi ya bustani na ya mikono ilikuwa sehemu ya maisha ya shule za misioni.

Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes, ambayo mmoja wa wajumbe wake alikuwa Dk. James Aggrey kutoka Gold Coast, ilipita Afrika Mashariki na kushauri kwamba elimu ifungamane na kilimo, afya na maisha ya kijijini. Miaka 43 baadaye, Machi 1967, Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea. Kwake shule ilipaswa kuwa jamii inayofanya kazi na kula jasho lake, si kisiwa kilichojitenga na kijiji. Lakini aliweka sharti ambalo mara nyingi lilisahauliwa: wanafunzi washiriki katika kuamua na kupanga, na faida ya kazi yao waione.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za makanisa chini ya serikali, na hivyo Kanisa likaachia shule nyingi lilizokuwa limezijenga. Azimio la Musoma la 1974 liliharakisha Elimu ya Msingi kwa Wote, iliyokusudiwa ifikiwe mwaka 1977. Madarasa yalijaa. Palipokuwa na mwalimu hodari, shamba la shule lilikuwa darasa la pili: watoto walipima eneo, wakahesabu mavuno, wakajua kwa nini mche umekauka. Mahali pengine jembe lilikula saa za ubao, na mtoto aliyetumwa maji na kuni alirudi nyumbani amechoka bila kujifunza herufi mpya. Jina la kazi lilikuwa moja, lakini hali zilikuwa mbili. Kanisa nalo halikuwa nje ya jaribu hilo, kwa maana watoto wamebeba matofali ya makanisa mengi. Ni neema pale walipobeba kwa furaha wakijua wanajenga kilicho chao. Ni deni pale walipobebeshwa kwa sababu tu hawawezi kukataa.

Safari ya mafunzo

Safari ya Kua ni mfano mzuri wa kazi ya shule iliyo njema, kwa sababu faida yake humwendea mtoto. Wanaotoka upande wa Kilindoni hufika kwanza Utende, kisha huvuka Ghuba ya Chole kwa mashua. Hapo somo limekwisha kuanza, maana katika visiwa hivi saa ya safari hupangwa na bahari. Anayetaka kufika kwa urahisi hungoja maji yajae, na anayechelewa kurudi hukuta maji yamekupwa na mashua imekaa matopeni. Jiografia ambayo ubaoni ni mchoro wa mwezi na dunia, pale humlowesha mtoto miguu.

Magofuni, kuta ni kitabu. Mawe ya matumbawe humweleza mtoto kwamba ukuta ulitoka baharini. Chokaa humweleza kwamba matumbawe yalichomwa kwa kuni nyingi. Matundu katika kuta humwonyesha mahali boriti za mikoko zilipobeba dari, na upana wa chumba humfundisha kwamba mjenzi hakuweza kupita urefu wa boriti. Wanafunzi hupima kwa hatua, huchora, huuliza. Hawaruhusiwi kung'oa jiwe wala kuokota kigae, kwa kuwa mambo ya kale yanalindwa na sheria ya mwaka 1964, na kigae kikiondolewa mahali pake hupoteza nusu ya habari zake.

Wakirudi darasani, kazi inayofaa ni nyingi: kuchora ramani, kuandika insha, kumhoji mzee wa nyumbani na kulinganisha simulizi lake na la jirani. Mtaala uliotolewa mwaka 2023 umeweka somo la Historia ya Tanzania na Maadili katika shule za msingi. Kua ina vyote viwili, historia na maadili. Lakini kisa cha jahazi na arusi hakina budi kusimuliwa hadi mwisho wake. Kikikatwa katikati, mtoto atajifunza kisasi tu. Kikifika mwisho, ataona miji miwili iliyokwisha, na mzee aliyezibiwa ndani pamoja na wageni wake, na atauliza mwenyewe kama hapakuwa na njia nyingine.

Kijiji kama darasa

Upande wa mashariki wa Juani, unaotazama bahari kuu, kasa uziwa hupanda ufukweni usiku kutaga mayai. Kiota kimoja huweza kuwa na mayai 100 au zaidi, na vifaranga hutoka baada ya miezi kama miwili. Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza ya aina yake nchini, ilianzishwa mwaka 1995, na visiwa vya Juani na Chole vimo ndani yake. Watu wa vijiji hulinda viota, na wageni huja kuwatazama vifaranga wakielekea majini.

Mambo haya yameufanya ufukwe kuwa mahali pa masomo. Mtoto anayepanda mche wa mkoko kwenye matope akielezwa kwamba mizizi yake huzuia mmomonyoko na kuwahifadhi samaki wachanga, huyo anasoma sayansi na kulitumikia kaka lake na kijiji chake kwa wakati mmoja. Mtoto anayesombeshwa takataka za ufukweni ili mgeni apige picha, hajasoma kitu. Tofauti haipo katika mikono ya mtoto, ipo katika nia ya mkubwa.

Sheria imesaidia kuiweka wazi tofauti hiyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi za kumnyonya mtoto. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, na kuanzia Januari 2016 michango ya lazima nayo iliondolewa, ili umaskini wa mzazi usimfungie mtoto mlango. Lakini sheria haiwezi kukaa katika kila shamba na kila ufukwe. Mwalimu, mzazi, imamu na mchungaji ndio wanaokaa huko.

Mizani ya miaka 100

Usharika unaotimiza miaka 100 huhesabu majengo, wabatizwa na wachungaji. Ni haki kufanya hivyo, na Mungu ashukuriwe kwa yote. Lakini ipo hesabu nyingine. Kila kazi iliyofanywa na watoto kwa jina la shule au la Kanisa na iwekwe katika mizani hii: je, mtoto aliijua sababu yake? Je, alipata nafasi ya kuuliza? Je, alirudi akiwa na maarifa zaidi kuliko alivyokwenda? Kazi iliyoshinda maswali hayo ilikuwa elimu, hata kama ilifanywa matopeni. Iliyoshindwa ilikuwa gogo chini ya jahazi, hata kama ilianza kwa sala.

Kitabu cha Yoshua, katika sura ya 4, kinasimulia jinsi mawe 12 yalivyotolewa katika mto Yordani na kusimamishwa, ili siku watoto watakapouliza maana yake, wazazi wawajibu. Mawe yale hayakuwekwa ili watoto wayabebe. Yaliwekwa ili waulize. Ndivyo yalivyo mawe ya Kua, na ndivyo yanavyopaswa kuwa mawe ya msingi ya makanisa na shule zilizojengwa katika miaka hii 100. Watoto wa shule ya Jumapili wa leo watayasoma maandishi ya sikukuu hii watakapokuwa wazee. Wajibu wa waliopo ni kuhakikisha kwamba wakiuliza walifanyiwa nini, jibu litakuwepo, na halitakuwa la aibu.