Pembe ya Kiingereza: Ala adimu katika muziki wa wachache

PEMBE ya Kiingereza si pembe, wala haina asili ya Uingereza. Ni mrija wa mbao wenye vibonyezo vya chuma, wa ukoo wa obo, na sauti yake hutokana na vibanzi viwili vya tete vilivyofungwa pamoja ambavyo hutetemeka vinapopulizwa. Wakazi wa Pwani ya Kenya hawatashindwa kuutambua udugu huo, kwani nzumari nayo hulia kwa tete pacha.

Obo ni fupi na sauti yake ni kali. Pembe ya Kiingereza ni ndefu zaidi, ina kishingo cha chuma kilichopinda, na ncha yake ya chini imevimba mfano wa peasi. Mpulizaji akishika vidole vya noti ya C, inayosikika ni F iliyo chini yake. Kwa kuwa vidole ni vilevile, mpigaji wa obo humudu ala zote mbili. Wengi wameisikia katika sehemu ya pili ya Simfonia ya 9 ya Antonín Dvořák, iliyopigwa mara ya kwanza New York mwaka 1893.

Hata hivyo, katika muziki wa chumbani, yaani ule wa watu wachache ambao kila mmoja ana sauti yake peke yake, tungo za ala hii ni haba. Zilizo bora zilizaliwa Vienna katika miaka ya 1790. Johann Went, mpiga obo aliyesifika kwa kuzigeuza opera kuwa muziki wa ala za kupuliza, alitunga kazi ya obo mbili na pembe ya Kiingereza. Ludwig van Beethoven, kijana wa miaka ishirini na kitu, akafuata nyayo hizo kwa utungo wake katika C, yapata mwaka 1795. Nambari yake, Opus 87, hupotosha: kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1806, ndipo ikaonekana kama ya mtunzi aliyekomaa. Tungo zake nyingine za ala hizo tatu, zilizojengwa juu ya wimbo kutoka opera ya Mozart, Don Giovanni, zilisikika Vienna mwaka 1797 lakini hazikuchapishwa hadi 1914.

Opus 87 ilitolewa pia kwa fidla mbili na viola, na tangu hapo imepigwa kwa kila aina ya ala. Hapa ndipo penye mashaka. Kuweka fluti mahali pa obo si taabu kubwa. Lakini fluti ya kawaida haishuki chini ya C ya katikati, ilhali pembe ya Kiingereza hufika E iliyo chini ya hapo. Anayeilazimisha fluti kushika sauti ya tatu hana budi kuzipandisha noti, na msingi wa muziki hutoweka. Klarineti hufika na kupita. Kinachopotea ni rangi: noti za chini za klarineti ni laini na zenye uwazi ndani, ilhali za pembe ya Kiingereza ni nzito. Beethoven aliandika kwa ndugu watatu wa ukoo mmoja, na mgeni, hata akiwa mpole, husikika.

Si kwamba kila mpangilio mpya ni hasara. Igor Stravinsky alitunga Pastorale mwaka 1907 kwa sauti ya mwimbaji na piano. Mwaka 1923 yeye mwenyewe aliondoa piano na kuweka obo, pembe ya Kiingereza, klarineti na basuni. Wimbo ukapata hewa ambayo piano haikuweza kuupa. Paul Hindemith naye hakungoja mpangaji: mwaka 1941 aliandika sonata ya pembe ya Kiingereza na piano.

Wanaohamisha muziki wa nyuzi husahau jambo moja. Upinde wa viola hauhitaji pumzi. Mpulizaji wa tete pacha hutaabika zaidi kwa hewa iliyomjaa kifuani kuliko kwa kuishiwa, kwa kuwa tundu la tete ni dogo mno. Asipoachiwa kimya kifupi mara kwa mara, kwanza atoe pumzi ya zamani ndipo avute mpya, midomo hulegea na sauti huanza kushuka kabla ya ukurasa kwisha.