Monita ya kompyuta kama televisheni (Kitui na Makueni)

Monita ya kompyuta kama televisheni ni matumizi ya kioo cha kompyuta kutazamia taarifa, filamu na mpira mahali pa seti ya televisheni. Katika kaunti za Kitui na Makueni matumizi haya humfaa hasa mpangaji wa chumba kimoja: mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya mwenye bedsita Kwa Vonza, au mwalimu mgeni mjini Wote ambaye meza yake ndiyo ofisi na ndiyo sebule. Tofauti kubwa kati ya vyombo hivi viwili haiko kwenye kioo. Iko nyuma, penye matundu ya waya.

Usuli

Enzi ya analojia televisheni ilikuwa na kitu ambacho monita haikuwa nacho, yaani kipokezi cha mawimbi ndani yake. Aliyetaka kutazama kwa monita alinunua kisanduku cha TV, Gadmei likiwa mojawapo ya majina yaliyojulikana, akachomeka antena upande mmoja na waya wa VGA upande wa pili. Picha ilipatikana, chenga zake zikiwemo.

Hesabu ilibadilika kwa kuhamia dijitali. Rais Mwai Kibaki alizindua matangazo ya dijitali Desemba 2009, na baadaye nchi ikachukua mfumo wa DVB-T2. Kitui na Kibwezi ziliwekwa katika awamu ya mwisho ya kuzima analojia, iliyopangiwa Machi 30, 2015, wakati ambapo nchi ilikuwa imetoka tu kwenye mvutano kuhusu uhamaji huo uliowaacha watazamaji karibu wiki tatu bila Citizen, NTV wala KTN. Tangu hapo televisheni ya zamani nayo haikuwa na kazi bila king'amuzi. Kipokezi kilikuwa kimehamia nje, kwenye kiboksi chenye tundu la HDMI, na kiboksi hicho hakiulizi kimechomekwa kwenye nini. Seti mpya zenye DVB-T2 ndani zimeirudishia televisheni sehemu ya heshima yake.

Matundu ya nyuma

Monita nyingi za bei nafuu ni za mtumba, maarufu kama ex-UK, zilizostaafu kwenye maofisi ya ng'ambo. Hupitia maduka ya Nairobi, Luthuli Avenue na mitaa ya jirani, kabla ya kufika Mwingi, Kitui au Emali. Ni vyombo imara, mara nyingi vyenye kioo kizuri kuliko televisheni mpya ya bei hiyo hiyo, lakini vilitengenezewa karani, si shabiki wa mpira. Dell P2214H na HP EliteDisplay E231 zina VGA, DVI na DisplayPort, HDMI hazina. Dell U2412M ni vivyo hivyo, tena kioo chake kina uwiano wa 16:10, hivyo picha ya televisheni huachiwa mistari myeusi juu na chini.

DVI ndiyo njia rahisi. Ishara yake ya picha ni ya aina moja na ya HDMI, hivyo waya wa kawaida wa HDMI kwenda DVI unatosha, ila sauti haitoki. DisplayPort ndiyo mtego. Adapta inayopatikana kila duka huchukua picha kutoka kompyuta yenye DisplayPort na kuipeleka kwenye kioo chenye HDMI. Kuigeuza hakusaidii kitu. Kinachotakiwa ni konveta ya kutoka HDMI kwenda DisplayPort, inayolishwa umeme wake, na si rahisi kuikuta dukani Wote. VGA nayo huhitaji konveta.

Pana pia HDCP, kinga ya kuzuia kunakili. Monita za DVI za mwanzoni mwa miaka ya 2000 nyingi hazina, na king'amuzi cha kulipia au Netflix huweza kuzinyima picha.

Jambo linalowachanganya hata mafundi ni mapigo ya picha. Ving'amuzi vya hapa kwa kawaida huwekwa kwenye 50 Hz, desturi iliyorithiwa kutoka PAL, ilhali monita ya ofisi imezoea 60. Baadhi ya monita hukataa na kubaki nyeusi, hasa zikipewa 1080i. Dawa ni kuchagua 720p au 1080p ya 60 Hz kwenye menyu ya king'amuzi. Kwa kuwa menyu yenyewe haionekani, kazi hiyo hufanywa kwenye televisheni ya jirani.

Sauti

Monita ya ofisi aghalabu haina spika, au ina za kunong'ona. King'amuzi chenye matundu mekundu na meupe huunganishwa moja kwa moja na woofa na shida ikaisha. Kifaa kama Fire TV Stick hakina matundu hayo, hivyo monita iwe na HDMI pamoja na tundu la hedifoni, au spika iwe ya Bluetooth.

Umeme na sola

Monita ya LED ya inchi 24 hula takribani wati 25. Ikiwashwa kwa saa tano kila jioni, uniti moja ya tokeni huifikisha jioni ya nane, king'amuzi na woofa vikihesabiwa kando. Monita za zamani zenye taa za tyubu nyuma ya kioo hula zaidi.

Kwa nyumba za sola, lebo ya adapta isomwe kabla ya bei. Monita ya volti 12 inaweza kulishwa na betri bila inveta. Ya volti 19 haiwezi kuunganishwa moja kwa moja. Hata hiyo ya 12 hutaka kidhibiti, kwa sababu betri ikichajiwa na jua la Kibwezi hupanda kupita volti 14. Mpinzani wa monita hapa ni televisheni za sola za lipa mdogo mdogo, kama ile ya inchi 16 iliyoletwa na M-KOPA mwaka 2016: ndogo, lakini kila kitu kimo. Penye stima ya kupanda na kushuka, TV guard ni ya lazima.

Kioo

Inchi 24 ni sentimita 53 kwa upana, saizi ya kutazamwa kutoka mita mbili hivi. Paneli ya TN hugeuka giza kwa aliyeketi chini mkekani. IPS haina tatizo hilo.

Hali ya sasa

Samsung ilitoa Smart Monitor mnamo Novemba 2020, yenye rimoti, Wi-Fi, spika na Netflix ndani. Kipokezi cha DVB-T2 haina.