Jini Ghorofani: Hofu ya Ghuba Kwenye Filamu

Januari 2010 Dubai ilizindua Burj Khalifa, jengo la mita 828, refu kuliko yote duniani. Oktoba 2013, kwenye tamasha la filamu la Abu Dhabi, Waemirati walitazama ghorofa la namna nyingine. Katika filamu ya Djinn, Khalid na mkewe Salama wanarudi kutoka Marekani wakiwa wamefiwa na mtoto mchanga. Wanahamia jumba jipya la kifahari, lililosimamishwa pale palipokuwa na kijiji cha wavuvi. Watu walihama, majini hawakuhama.

Kijiji hicho hakikutoka hewani. Al Jazirah Al Hamra ipo Ras Al Khaimah, kaskazini ya Dubai: nyumba za mawe ya matumbawe ambazo mtu wa Lamu angezitambua mara moja. Wenyeji waliishi kwa kuzamia lulu, mpaka lulu za kufugwa za Japani zilipoivunja biashara hiyo kuanzia miaka ya 1930. Miaka ya 1960 wakaondoka, na magofu yakaachiwa simulizi za majini.

Aliyeongoza filamu ni Mmarekani Tobe Hooper, na nadhani hakuchaguliwa kimakosa. Katika filamu yake The Texas Chain Saw Massacre ya 1974, wauaji wanatoka katika ukoo wa wachinjaji, na mmoja wao analalamika kwamba kifaa kipya cha kuulia ng'ombe kimewapokonya watu kazi. Katika Poltergeist ya 1982, mizimu inamwita mtoto kupitia televisheni, ndani ya nyumba iliyojengwa juu ya makaburi. Djinn ilikuwa filamu yake ya mwisho. Alifariki Agosti 2017. Djinn ina udhaifu wake, lakini imegusa penye kidonda: kinachotisha si lifti wala vioo, ni mwenye mahali aliyesahauliwa.

Sisi wa Afrika Mashariki tunayo hofu yetu inayozuka pale jambo jipya linapoingia. Enzi za ukoloni, Dar es Salaam na Nairobi, watu walikimbia magari ya zimamoto wakiamini yanabeba mumiani wanaonyonya damu. Gari lilikuwa geni, na mwenye gari ndiye aliyewatawala.

Watengenezaji filamu wa Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar, waulizeni wazee, wangali hai, kuhusu mumiani, kisha mtuletee kisa hicho kwenye skrini.